Bi Somoe Ameaga Jumanne

Nilikaa Maagano siku kumi na tatu. Namna ya kufika huko haina habari: unapanda, unakaa, unashuka, miguu imevimba. Habari inaanzia kwenye meza ya mapokezi, ambako karani aliniuliza swali moja tu.

"Utakaa au utaondoka?"

"Nitaondoka," nikasema. "Nina nyumba na watoto."

"Lini?"

"Wiki mbili hazitafika."

Akagonga muhuri, akanielekeza Nyumba ya Kuagia Namba Saba.

Nilidhani ni nyumba ya wageni, na kwa kiasi fulani ni kweli. Maagano imewagawa watu mafungu mawili, wanaokaa na wanaoondoka. Kwa kuwa mgeni wa siku chache na mgonjwa wa siku chache wote ni watu wa kuondoka, sheria inawaweka chini ya paa moja. Nilirudi kumwambia karani kwamba mimi ni mzima.

"Hatujaandika kwamba unaumwa, mama," akanijibu bila kuinua kichwa. "Tumeandika kwamba unaondoka."

Namba Saba ni nyumba ndefu ya chini, yenye vyumba kumi na vitatu. Kumi na viwili ni vya watu ambao dawa za kuponya zimewashinda, ambao sasa wanahitaji dawa za kutuliza maumivu, shuka safi na mtu wa kuwa karibu nao. Cha kumi na tatu kilikuwa changu. Msimamizi wa nyumba ni Dada Mkasi, mwanamke mfupi mwenye mikono iliyobabuka kwa sabuni, ambaye katika siku zangu zote sikumwona amekaa. Alinionyesha kitanda, akanionyesha choo, kisha akanionyesha leseni.

Leseni ilikuwa ndani ya fremu ya kioo, mkabala na mlango wa mbele. Niliisoma yote. Nina stashahada ya ugavi na karatasi hazinitishi. Ilisema nyumba hii imeruhusiwa kupokea waagaji, kwamba ruhusa hiyo itapimwa upya kila mwagaji mmoja anapoaga, na kwamba dosari moja inatosha kuifunga nyumba.

"Ikifungwa, hawa wanakwenda wapi?" nikauliza.

"Kwenye baraza ya idara inayosimamia nyumba hizi," akasema Mkasi. "Mwaka juzi walifunga Namba Nne. Watu tisa walilazwa pale sakafuni siku tatu, wanasubiri kupangiwa nyumba nyingine. Wanne hawakuhitaji tena kupangiwa."

Alilisema hilo huku akikunja mashuka.

Chumba kilichopakana na changu kilikuwa cha Bi Somoe. Asubuhi ya kwanza mlango wake ulikuwa wazi, nikamwamkia kama nilivyolelewa.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Unaumwa nini?"

"Siumwi, bibi. Napita tu."

"Basi sote. Ingia ukae."

Bi Somoe alikuwa fundi wa mizani sokoni kwa miaka arobaini. Wenye maduka walimwogopa, maana aliwahi kusimama mbele ya wateja na kumwambia muuza sukari kwamba mizani yake ina haya kuliko yeye. Uso wake ulikuwa umebaki mdogo, masikio makubwa. Kila ulichompa alikipima kwa kiganja kabla ya kukitumia: kikombe, kipande cha mkate, hata mkono wangu.

"Robo tatu," akasema, akaurudisha mkono wangu. "Unafanya kazi sana na huli vizuri."

Tulizoeana. Sina kazi ya kufanya katika nchi za watu, nami siwezi kukaa mikono mitupu, kwa hiyo nilimbadilishia maji, nikamsugua visigino, nikamsikiliza. Alikuwa na binti mmoja, Tumu, aliyekuja mwezi uliopita, wakaagana, akarudi kwake. Nilipouliza lini atakuja tena, Bi Somoe alinitazama kama mtu anayemtazama mtoto.

"Nimekwambia tumeagana."

Hapo ndipo nilipoanza kuielewa nchi hii. Hata kwetu neno kuagana lina maana mbili. Watu wanaotengana wanaagana, na watu wanaofanya mapatano wanaagana pia, ndiyo maana agano ni mkataba. Sisi tunajua kutokana na mazungumzo ni maana ipi inayokusudiwa. Watu wa Maagano wamezifanya maana mbili kuwa moja. Ukimuaga mtu, umetia sahihi. Ukirudi kumwona, umevunja mkataba.

Siku ya nne aliniambia jambo lililokuwa moyoni mwake.

"Kufa sikuogopi. Mama mkwe wangu tulimkuta ameshakufa, uso kaugeuzia ukutani, hakuna mtu. Tulikuwa jikoni sote, tunapika, tunacheka. Hilo ndilo naogopa. Kutazama ukuta." Akakionyesha kwa kidole kiti nilichokalia. "Kama utakuwapo, mwanangu, kaa hapo ulipo. Usinihubirie. Usiniimbie. Kaa tu."

"Nitakaa," nikasema.

Sikuijua sheria. Ningeijua, ningechagua maneno mengine.

Niwe mkweli kwa watu wa Maagano: sheria yao haikuanza na ujinga, ilianza na wezi. Zamani nyumba za kuagia hazikuwa na msimamizi yeyote. Zikapokea watu wazima wenye nguvu za kulima, zikawaandika kuwa wanaaga, na wengine wakakaa humo miaka ishirini wanaaga, wanakula kwa jasho la wengine. Nyumba nyingine zilikuwa na watu wenye sauti nyororo waliokaa vitandani pa wagonjwa hadi dakika ya mwisho, na mgonjwa akishazikwa, shamba linasomeka jina la mwenye sauti nyororo. Wananchi wakalalamika, na walikuwa na haki. Wakubwa wakatunga sheria mbili. Ya kwanza, huduma haihesabiwi kuwa imekamilika mpaka aliyehudumiwa atie sahihi kwamba amehudumiwa hadi mwisho na ameridhika. Ya pili, mtu akishatia sahihi hiyo, pasiwe na binadamu yeyote chumbani mwake, asije akarubuniwa aibadilishe.

Kila moja ukiisoma peke yake ina akili. Ziweke pamoja. Maiti haishiki kalamu, kwa hiyo lazima mtu asaini akiwa hai. Akishasaini, kwa lugha ya serikali, ameaga. Aliyeaga haongeleshwi, haguswi, hakai na mtu.

Muda ulio kati ya sahihi na pumzi ya mwisho hauna jina katika vitabu vyao. Kwao muda huo haupo.

Mkasi alikuwa na ufundi wake. Alijua pumzi za watu kama mpishi anavyojua mlio wa chungu. Aliichelewesha fomu hadi saa ya mwisho, wakati mwingine hadi robo saa ya mwisho, akaiingiza, ikasainiwa, akatoka, na mtu hakukaa peke yake zaidi ya muda wa kuchemsha yai. Hiyo ndiyo sifa aliyokuwa nayo mjini, na hakuna aliyeweza kuisema kwa sauti. Lakini wiki ile idara ilitangaza ukaguzi wa Jumanne, na kila mwagaji aliyekadiriwa kuondoka ndani ya wiki alitakiwa awe na fomu iliyosainiwa mezani.

Asubuhi ya Jumanne aliingia na karatasi ameibana kifuani.

"Bibi, mkaguzi atafika saa nne."

"Najua. Leta."

"Ningengoja, bibi. Haki ya Mungu ningengoja."

"Usinililie, Mkasi. Utailowesha, waseme ni dosari. Una watu kumi na mmoja wengine humu. Leta kalamu, na isiwe ile inayovuja."

Alisoma kwa sauti, polepole, kama anayesoma mizani ya mtu asiyemwamini. "Mimi niliyetajwa hapo juu nakiri kwamba nimehudumiwa hadi mwisho, nimeridhika, na nimeaga." Akacheka mpaka akakohoa. "Hadi mwisho! Mwisho wenyewe uko wapi, nimsalimie?"

Akasaini. Mwandiko wake ulikuwa mzuri, umenyooka. Kisha akageuka kunitazama.

"Ulisema utakaa," akasema.

Sikuwahi kumjibu. Mkasi alinishika kiwiko akanitoa, akaurudisha mlango nusu, akaweka kibao cha mbao juu ya kitasa: AMEAGA.

Mkaguzi alifika saa nne kamili. Jina lake Bwana Shaali, mtu mwembamba mwenye viatu vilivyong'aa na mkoba uliochakaa. Alikagua makaratasi, akagonga muhuri, akaondoka bila kunywa chai. Mkasi alikuwa amekadiria Bi Somoe hataiona Jumatano. Jumatano ikafika, Bi Somoe akaomba uji.

Hapa sheria ya Maagano ni karimu. Inakataza watu, haikatazi vitu. Aliyeaga anastahili shuka safi, maji, chakula, dawa ya maumivu na dirisha linalofunguka, na nyumba isiyompa hivyo inafungwa. Kwa sababu hiyo wametengeneza upawa wenye mpini wa urefu wa mtu mzima. Mkasi alisimama nje ya kizingiti, miguu amebananisha, akaunyoosha upawa mpaka kitandani. Nusu ya uji ilifika. Bi Somoe akisema "joto," Mkasi alikuwa anatazama ukuta kana kwamba hakusikia, halafu fimbo ndefu inaingia, dirisha linasukumwa. Bi Somoe akisema "asante," hakuna anayejibu.

Siku hiyo hiyo mchana nilipita mlangoni, na ulimi ukanitangulia.

"Shikamoo, bibi!"

Kiganja chenye harufu ya sabuni kikaniziba mdomo. "Unataka kutuua?" Mkasi alininong'oneza kwa ukali. "Akiitikia, amerudi. Fomu ya mtu aliyerudi ni batili. Watakuja kesho kuwatoa hawa wote."

Tulisimama hivyo, tunasikiliza. Ndani, kitanda kililia kidogo. Bi Somoe alikuwa amenisikia, masikio yake hayakuwa na tatizo. Hakuitikia. Mtu wa umri ule, aliyelelewa kuitikia hata adui, alifunga mdomo kwa ajili ya watu kumi na mmoja ambao wengine hakuwajua majina.

Alhamisi nilikaa chumbani kwangu, upande wa pili wa ukuta wake, nikamsikia akipumua. Kugonga ukuta pia kumekatazwa, niliuliza.

Ijumaa nikaenda idarani.

Kila Ijumaa pale huketi Baraza la Tafsiri, wazee watano na mwenyekiti wao, mama mwenye miwani iliyofungwa kwa kamba. Nilimkuta mbele yao paka ndani ya kapu. Ilidaiwa paka huyo alilala miguuni pa mtu aliyekwisha kuaga katika Nyumba Namba Mbili.

"Alikoroma?" akauliza mzee mmoja mnene.

"Mashahidi wanasema alikoroma," akajibu karani wa baraza.

"Basi alitoa faraja, na faraja ni huduma. Ana leseni?"

"Mheshimiwa, paka hana dole gumba la kuwekea alama."

"Ana nyayo nne. Achague mojawapo."

Saa nzima ilipita. Mwishoni waliamua kwamba paka ni kitu, almradi asiwe na kawaida ya kuja anapoitwa. Paka anayeitika jina ni mtu, na nyumba itaadhibiwa. Wakamwita mara tatu. Hakugeuza hata sikio, akaachiwa huru. Sijapata kumwona mshtakiwa mwenye busara kama yule.

Nikasimama. "Waheshimiwa, nataka leseni ya kukaa na mtu aliyeaga."

Walifurahi. Leseni hiyo ipo, mwenyekiti akanieleza. Mwombaji anatakiwa alete barua kumi kutoka kwa watu kumi aliopata kukaa nao, kila mmoja akieleza alivyoridhika.

"Waandike lini barua hizo?"

"Baada ya kuaga kabisa. Kabla ya hapo huduma haijakamilika, mtu hawezi kuitolea maoni."

"Na wameshapata leseni hiyo wangapi?"

"Bado hajapata yeyote," akasema yule mnene, kifua mbele. "Viwango vyetu viko juu."

Nimelea watoto wanne na nimepanga foleni katika ofisi nyingi. Najua mlango ukikataa kufunguka unatafuta dirisha. "Basi niandikeni kiti," nikasema.

Nilitegemea wacheke. Hawakucheka. Walichukua kalamu.

"Sitasema, sitaimba, sitaitika jina," nikaendelea. "Mmesema vitu vinaruhusiwa. Nitakuwa kiti kando ya kitanda."

"Kina miguu mingapi?" akauliza mmoja.

"Anasema kiti, anayo miwili."

"Viti vya serikali vina minne."

"Kuna kigoda cha mitatu kule bohari."

"Mitatu si miwili, ndugu yangu, tusipotoshe umma."

Walijadiliana hadi wakakubaliana kwamba hakuna sheria inayokataza kiti cha miguu miwili. Nikaanza kupumua. Ndipo mzee wa mwisho, ambaye nilidhani amelala, akauliza nimetengenezwa wapi. Nikasema kwetu. Ikabainika kwamba samani ya kutoka nje lazima ikae ghalani siku ishirini na moja, ikaguliwe mchwa.

"Yule mama hana siku mbili!" nikasema, na sauti yangu haikuwa ya adabu.

Mwenyekiti alivua miwani. Hakuwa mtu mbaya. "Mama Mgeni," akasema taratibu, "kwa mujibu wa kumbukumbu zetu hana hata moja. Bi Somoe ameaga Jumanne."

Nje, kwenye benchi la baraza, Bwana Shaali mkaguzi alikuwa anakula karanga peke yake. Alisogea kunipisha nikae, ingawa benchi lilikuwa tupu.

"Nimesikia," akasema. "Kiti. Hilo halijawahi kuombwa."

"Wewe unaweza kuingia mle chumbani?"

"Mkaguzi anavuka kizingiti. Kukagua tu."

"Umeingia vyumba vingapi vya walioaga?"

"Mia sita na kitu. Miaka kumi na sita."

"Na wale watu walikuwa wanakutazama?"

Alimenya karanga moja kwa muda mrefu kuliko karanga inavyostahili. "Fomu inaanza na godoro," akasema. "Mimi natazama godoro."

Sikuwa na mpango wa kumweleza, lakini nilimweleza. Mama yangu alikuwa amelazwa wodini, kwetu. Saa kumi na mbili jioni iligongwa kengele ya wageni kutoka. Mama alinishika kanga akasema, ngoja kidogo. Mlinzi akasema, mama, muda wa kuona wagonjwa umekwisha, kesho. Nilikuwa mtu mzima mwenye akili zangu na watoto wangu. Nikatii. Nikavitoa vidole vyake kimoja kimoja kwenye kanga, nikaenda kupanda basi. Kesho yake kitanda kilikuwa kimeshatandikwa.

"Hakuna aliyenilaumu," nikamwambia. "Nilifuata utaratibu."

Shaali hakusema pole. Alikung'uta maganda kwenye suruali yake.

"Ukaguzi unachukua muda gani?" nikamuuliza.

"Fomu ikiwa safi, dakika tano."

"Na ikiwa na mashaka?"

"Inategemea mkaguzi," akasema, akafunga mkoba.

Jumamosi saa tatu asubuhi alisimama mlangoni pa Namba Saba. Mkasi alipomwona alidondosha beseni.

"Kuna dosari, mheshimiwa?"

"Kuna mashaka kuhusu godoro la chumba cha kumi na mbili. Lazima niyaondoe." Alivua viatu vyake vilivyong'aa, akaviweka ukutani, jambo ambalo Mkasi alisema hajawahi kumwona akilifanya. Akavuka kizingiti. Mlango ukabaki wazi kiasi cha kiganja. Mimi na Mkasi tukasimama kwenye ukumbi, sisi tusio na ruhusa.

Kitu cha kwanza kilichosikika ni kosa. Shaali alikuwa kijana wa miaka arobaini na kitu amesimama mbele ya mama wa themanini, na malezi yake yaliiwahi sheria.

"Shikamoo."

Mkasi alishika aproni yake kwa mikono miwili. Kisha sauti nyembamba, kama ya mtu anayeweka mzigo chini:

"Marahaba, baba."

"Sijasikia kitu," Shaali akasema kwa sauti ya ofisini, nadhani alikuwa akiiambia fomu. Kiti kikaburutwa. "Swali la kwanza. Godoro ni gumu au laini?"

"Gumu."

"Mgongo unauma upande gani?"

"Hilo halimo," Mkasi akaninong'oneza. Aliijua fomu ile kwa moyo.

"Upande wa kushoto, baba. Hapo. Hapo hapo."

"Swali la pili. Dirisha lipo?"

"Lipo."

"Linaonyesha nini?"

"Hilo pia halimo," akasema Mkasi, na machozi yalikuwa yanamtoka bila sauti.

"Linaonyesha mpapai."

"Unazaa?"

"Dume. Tangu nije unajipamba maua, hauna faida, kama mume wangu wa kwanza." Akacheka. Tulimsikia Shaali naye akicheka, kicheko kilichokwaruza kama mlango wa stoo.

Alikagua mto. Alikagua ukuta, akauliza kama anapenda kuutazama, akajibiwa hapana, tukasikia kitanda kikigeuzwa. Alikagua kikombe, akauliza kina uzito gani, akapewa jibu kwa gramu. Alipofika mwisho alisema kwamba amekosea kujaza namba ya nyumba na kwa mujibu wa kanuni lazima aanze upya. Akaanza upya. Majibu yakawa mafupi. Mara ya tatu majibu yakawa neno moja, halafu mguno, na Shaali akawa anauliza na kujijibu mwenyewe, polepole, bila kuruka swali: godoro lipo, dirisha lipo, mto upo, mkaguzi yupo.

Nilikuwa nimeketi sakafuni, mgongo kwenye ukuta wa ukumbi. Nilimwahidi yule mama kwamba nitakaa, na nilikaa, lakini upande usiofaa wa mlango. Niseme wazi, sikuona fahari. Nilimwonea wivu mtu mwenye muhuri.

Adhuhuri ilipokaribia sauti yake ilisimama katikati ya swali. Hakuiendeleza. Baada ya muda alitoka, miguu mitupu, uso umemshuka. Akaenda moja kwa moja kwenye meza ya Mkasi, akaketi, akafunua ukurasa wa mwisho wa fomu.

Nilisimama nyuma yake nikasoma. Lilibaki swali moja. *Je, aliyeaga alibaki peke yake hadi mwisho?* Chini yake, kwa herufi ndogo: *Jibu likiwa hapana, nyumba ifungwe siku hiyo hiyo.*

Kalamu ilikuwa imesimama juu ya karatasi.

"Andika ukweli," nikasema. Ndivyo ninavyowaambia wanangu.

Hakugeuka. Katika ukumbi ule mrefu mtu mmoja alikohoa, mwingine akaomba maji, na Mkasi, kwa mazoea tu, akageuza kichwa kuelekea huko. Niliitazama milango. Nilijua majina ya saba kati ya waliolala humo.

"Andika ndiyo," nikamwambia.

Akaandika ndiyo. Akagonga muhuri. Namba Saba ilipata alama zote, na Shaali alisahau kuvaa viatu mpaka alipofika nje.

Mazishi yalikuwa Jumapili asubuhi. Maagano humwita ndugu siku hiyo tu, kwa sababu mkataba sasa umekwisha. Kabla ya udongo, karani wa idara alisoma cheti: Bi Somoe, fundi wa mizani, ameaga Jumanne, ameridhika, amebaki peke yake hadi mwisho, bila dosari. Watu waliitikia kwa kichwa. Wachache walimpongeza Mkasi, naye akapokea pongezi kama mtu anayepokea mawe.

Binti, Tumu, alikuwa na masikio ya mama yake. Aliambiwa mimi ndiye niliyelala chumba cha jirani. Alinijia, akanishika mkono, akausahau mkononi mwake.

"Dada, wewe ulikuwa karibu. Ni kweli alikuwa peke yake?"

Watu wa idara walikuwa hatua tatu nyuma yake, makabrasha kwapani. Bwana Shaali alikuwa miongoni mwao, anatazama udongo.

"Peke yake," nikasema.

"Vizuri," akasema Tumu, kama walivyofundishwa. Halafu akaketi chini pale pale juu ya udongo mbichi. Watu walianza kuondoka, mmoja mmoja, kila mtu akimuaga. Yeye alikuwa mtu wa fungu la wanaokaa, hakuwa amesaini kitu, na nilipoitafuta kichwani sheria ya kunizuia, sikuipata. Nikakunja kanga yangu, nikakaa naye.